Verna Amwandikia Mbunge Wake

Kwa miaka kumi na mitatu Verna Trevaskis aliandika kila kitu ambacho mbunge wetu alisifiwa kwa kukisema. Mkulima akifiwa na mke, barua ya rambirambi iliyokumbuka hadi jina la mbwa wa marehemu ilitoka mezani kwa Verna. Bibi akitimiza miaka mia moja, pongezi zilitoka hapo hapo. Mheshimiwa Dougal Kitto alikuwa na saini nzuri, ndefu, yenye mkia, na huo ndio ulikuwa mchango wake.

Ofisi ya mbunge hapa Kurrabin, mji mdogo wa Australia, iko kati ya duka la dawa na duka la chakula cha mifugo, mkabala na maktaba ninayofanyia kazi. Kila asubuhi saa mbili na nusu Verna alifungua mlango, akalipangusa vumbi ua la plastiki, akaketi kwenye kiti kilichokuwa hatua mbili kutoka chumba cha bosi wake. Alikuwa na miaka hamsini na minane, miwani yenye kamba, na uwezo wa kutambua mwandiko wa nusu ya jimbo kabla hajafungua bahasha.

Nyumbani, Mtaa wa Mill, aliishi na Glenys Obst, ambaye kwa miaka arobaini alizunguka mabanda ya kukatia kondoo manyoya akipanga sufu madaraja kwa kuishika tu. Walikuwa wameishi nyumba moja miaka ishirini na tisa. Mji ulijua, kama mji unavyojua nani anakunywa kupita kiasi: kwa ukamilifu, na bila kusema. Kwenye kadi za Krismasi walikuwa Verna na Glenys. Kanisani walikuwa Verna na rafiki yake. Mwaka 2002 Glenys alipoanguka bandani akavunjika nyonga, hospitali kubwa ya mjini iliuliza ndugu wa karibu ni nani, na ndugu wa karibu, kisheria, akawa mpwa wa Glenys aliyekuwa Perth na ambaye hakuwa amemwona shangazi yake kwa miaka tisa. Ruhusa ya upasuaji aliitoa kwa simu, akiwa anavua samaki. Verna alikaa kwenye benchi la korido saa sita akiwa ameandikwa kwenye fomu kama mwenye nyumba wa Glenys.

Hayo Verna hakuwahi kumwambia Kitto, na Kitto hakuwahi kuuliza. Walifanya kazi pamoja vizuri sana.

Kuhusu ndoa ya watu wa jinsia moja mheshimiwa alikuwa na msimamo, na msimamo huo ulisafiri. Mwaka 2010 alipinga. Mwaka 2013 alisema wakati haujafika. Mwaka 2016 alisema waulizwe wananchi. Mwaka 2017 serikali ikawauliza kweli: kila mpiga kura nchi nzima akaletewa karatasi kwa posta, achague ndiyo au hapana, airudishe. Tarehe kumi na tano Novemba matokeo yalitangazwa. Nchi ilisema ndiyo. Hata jimbo letu la ngano, kondoo na makanisa matano kwa kila baa moja lilisema ndiyo, watu hamsini na tano katika kila mia. Kitto alitoa tamko kwamba anaheshimu sauti ya wananchi. Verna ndiye aliyelichapa, na alikuwa makini kutotaja kwamba kuheshimu ni kufanya nini.

Barua za jambo hilo zilimiminika miezi mitatu. Verna alikuwa na utaratibu wake. Kadi zilizochapwa tayari, zile ambazo mtu anaweka jina tu, alizihesabu moja moja. Barua ya mkono aliihesabu tatu. Barua ya mkono yenye neno lililokatwa na kuandikwa upya aliihesabu tano, maana huyo mtu amefikiri. Kisha wote walijibiwa. Jibu namba moja lilikwenda kwa wanaounga mkono, namba mbili kwa wanaopinga, namba tatu kwa wale ambao hata baada ya kurasa sita haikueleweka wanataka nini. Namba moja ilisema mbunge anaelewa hasa hisia za wale wanaotaka mabadiliko. Namba mbili ilisema anaelewa hasa hisia za wale wenye wasiwasi. Mengine yote yalikuwa sawa, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Utaratibu mmoja ulikuwa wa Kitto mwenyewe. Uchaguzi wake wa kwanza alishinda kwa kura mia nne na kumi na moja, na kwa hofu iliyomshika alitangaza kwamba mtu yeyote atakayemwandikia mara mbili kwa jambo moja atapigiwa simu na mbunge kwa mdomo wake. Hofu iliisha, ahadi ikabaki. Kila Ijumaa saa nane mchana Verna alimwekea kadi za kijani mezani: jina, namba ya simu, mistari mitatu ya maelezo. Naye akapiga. Tumpe haki yake, alipiga kila mara.

Jumanne tarehe ishirini na moja Novemba ikaja barua pepe kutoka Canberra. Iliandikwa na Tamsin Vale, mshauri wa Kitto, mwanamke mwerevu aliyekuwa na jedwali la kila kitu. Machi tawi la chama lingepiga kura kumteua mgombea wa uchaguzi ujao, Tamsin aliandika, na wanachama mia moja na arobaini wa tawi wengi walisema hapana. Wapiga kura wa jimbo wengi walisema ndiyo. Kwa hiyo muswada wa ndoa ukifikia kura ya mwisho bungeni, Dougal asiwepo. Kengele ya kura hulia dakika nne, kisha milango inafungwa. Katika dakika hizo nne mtu anaweza kutoka. Na tena kuna bahati. Kanuni za Bunge zinasema upande mmoja ukiwa na watu wanne au chini ya hapo, wanaandikwa majina wao tu, upande mwingine hauandikwi. Watakaopinga waziwazi watakuwa wachache hivyo. Kwa hiyo hakuna karatasi itakayoonyesha kama Dougal alikuwa ndani akiunga mkono au alikuwa msalani. Verna, tafadhali andaa barua mbili za tarehe nane Desemba. Moja kwa wanachama wa tawi: nilishindwa kuunga mkono jambo hili. Nyingine kwa wengine: sikusimama njiani.

Verna aliziandika zote mbili kabla ya chakula cha mchana. Zilikuwa nzuri. Ile ya tawi ilikuwa na mstari kuhusu mababu uliomtoa machozi kidogo mwenyewe.

Jioni hiyo, Glenys akimenya viazi, Verna aliketi upande wa pili wa meza akaandika barua ya tatu, kwa mkono. "Mheshimiwa. Mimi na Glenys Obst tumeishi pamoja miaka ishirini na tisa na tunataka kufunga ndoa. Muswada ukifika mwisho naomba uwe ukumbini, na useme ndiyo. Sina ombi lingine." Neno moja alilikata akaliandika upya.

"Unamwandikia nani?" Glenys aliuliza.

"Mbunge wangu."

"Si umgongee mlango tu, mama? Ni hatua mbili."

"Nikigonga mlango atafungua mwajiri wangu. Mimi namtaka mbunge."

Glenys alimenya kiazi kizima kabla ya kujibu. "Weka stempu," akasema.

Sanduku la posta liko hatua arobaini kutoka ofisini. Barua ilikwenda Adelaide, kilomita mia mbili na thelathini, ikapangwa, ikarudi kilomita mia mbili na thelathini, na Ijumaa asubuhi Verna akaipokea. Aliifungua kwa kisu cha bahasha. Aliigonga muhuri wa kupokelewa. Aliiandika kwenye orodha: Trevaskis, V., ndoa, anaunga mkono, tano. Akachapa jibu namba moja, akaliweka katikati ya rundo la majibu sitini. Kitto alisaini yote sitini huku akizungumza kwenye simu kuhusu ghala la ngano lililovuja.

Jumanne iliyofuata jibu lilifika Mtaa wa Mill. Glenys alivaa miwani akalisoma kwa sauti, amesimama, kama mtu anayesoma somo kanisani.

"'Bibi Trevaskis, asante kwa kuchukua muda wako kuniandikia.' Ana adabu huyu bwana."

"Endelea."

"'Ninaelewa hasa hisia za wale wanaotaka mabadiliko.' Hasa, eti. Umesikia?"

"Nimesikia."

"'Nitaendelea kusikiliza kwa makini maoni ya pande zote.' Anasikiliza nini sasa? Si kura zimeshahesabiwa?" Aliigeuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma. "Nani kaandika takataka hii?"

"Mimi."

"Najua. Nilitaka useme."

Jioni hiyo hiyo Verna aliandika ya pili, fupi kuliko ya kwanza: jibu lako halikunijibu. Ijumaa asubuhi, tarehe mosi Desemba, ikafika. Akaigonga muhuri. Kisha akatoa kadi ya kijani akaandika: Trevaskis, V., Mtaa wa Mill. Ameandika mara mbili. Suala: ndoa. Hajaridhika. Kadi ile aliiweka ya sita kati ya saba, akaomba ruhusa ya mchana, akaenda nyumbani kusubiri simu kama mwananchi yeyote.

Haya ya simu nimeyapata kwa Glenys, aliyekuwa amesimama karibu na sinki akiosha kikombe kimoja kwa dakika kumi na tano.

Simu iliita saa tisa kasorobo, na Verna akaiweka kwenye sauti ya wazi.

"Verna," alisema Kitto, "huu ni mzaha wa aina gani?"

"Habari za mchana, mheshimiwa. Asante kwa kunipigia. Watu wanasema huwa unapiga kweli."

"Verna, jamani."

"Mimi ni mpiga kura wako. Nimeandika mara mbili, nimejibiwa mara moja, na jibu lilikuwa baya."

"Jibu uliliandika wewe."

"Ndiyo maana najua ni baya."

Kitto alicheka. Glenys anasema kicheko hicho kilisikika hadi kwenye sinki.

"Sikujua kama mnataka kufunga ndoa," alisema Kitto.

"Ulijua tunaishi pamoja. Umekula keki ya Glenys mara ngapi?"

"Hiyo ni kweli. Sasa sikiliza, dada yangu. Sheria itapita. Itapita nikiwa ndani, nikiwa nje, nikiwa nimelala kitandani. Mtafunga ndoa na mimi nitakuja kucheza. Kura yangu haibadilishi kitu."

"Kama haibadilishi kitu, basi ipige."

"Itabadilisha Machi. Kuna wanachama mia na arobaini kwenye tawi. Tumewahesabu."

"Nimewahesabu mimi. Sita wamefariki tangu Tamsin achore jedwali lake. Rambirambi niliziandika, wewe ukasaini."

"Wamebaki mia na thelathini na nne. Bado ni wengi."

"Wengi wanasema hapana, ndiyo. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniandikia kwamba atakunyima kura. Nimezisoma zote. Wanaandika wamekasirika, kisha wanauliza barabara ya daraja la pili itatengenezwa lini. Wewe husomi, kwa hiyo unawaogopa. Mimi nasoma."

"Mimi binafsi sijawahi kuwa na neno na nyinyi," alisema Kitto. "Moyoni. Unalijua hilo."

"Silijui, mheshimiwa. Moyo wako haujawahi kupita mezani kwangu. Mimi ninajua ulichosaini."

Glenys hapo aliweka kikombe chini.

"Unataka nini, Verna?"

"Kengele ikilia, kaa ndani. Basi. Miaka kumi na mitatu nimewaeleza watu wewe umesimama wapi, na sijawahi kujua. Safari hii nataka kuona kwa macho. Ukitoka, Ijumaa zile barua mbili zitatumwa kama mlivyoagiza, kazi ni kazi. Na ya tatu itakuwa yangu ya kuacha kazi."

"Unanitisha?"

"Hapana. Nakuarifu mapema, upate mtu mwingine. Kule klabu wanatafuta mpishi."

"Wewe hujui kupika."

"Klabu hawalijui hilo."

Kitto alivuta pumzi. "Nimekusikia," alisema.

"Hilo ni neno la jibu namba tatu," alisema Verna, akamshukuru kwa muda wake, akakata simu. Katika mji wetu mwanamke wa miaka hamsini na minane akiacha kazi ya ofisini, ofisi nyingine ni ile ya makaburi.

Jumatatu alifika kazini saa mbili na nusu. Bosi alikuwa ameshaondoka kwenda Canberra. Mezani kwa Verna zile barua mbili hazikuwepo, na Kitto hakuwa ameacha ujumbe.

Alhamisi tarehe saba Desemba, alasiri, nusu ya mji ilikuwa kwenye klabu ya mchezo wa kuviringisha matufe kwenye nyasi. Si kwa ajili ya Bunge. Alhamisi kuna bahati nasibu ya nyama, mshindi huondoka na trei nzima, na kuelekea Krismasi trei huwa na mguu mzima wa kondoo. Lakini mhudumu wa baa, Leith, aliitoa televisheni kwenye mbio za farasi akaiweka kwenye Bunge bila kuuliza mtu, na kwa Kurrabin hilo ni karibu na mapinduzi.

"Farasi wangu anakimbia sasa hivi," alisema mzee mmoja.

"Farasi wako hajawahi kukimbia, mzee. Tulia," alijibu Leith.

Mchana kutwa wabunge walikuwa wakibishana juu ya marekebisho, moja baada ya jingine, na yote yakaanguka. Kitto alionekana mara tatu, safu ya nyuma, akijikuna sikio. Kwetu ilikuwa inakaribia saa kumi na moja na nusu jioni kengele ya mwisho ilipoanza kulia. Verna na Glenys walikuwa meza ya mbele. Verna hakugusa bia yake.

Kwanza wabunge wawili walisimama wakatoka. Kisha mmoja. Kisha watatu pamoja, wakitembea haraka kama watu waliokumbuka wameacha jiko linawaka. Kisha Dougal Kitto akasimama.

Ni mrefu, na ana upara wa duara kisogoni, kwa hiyo hata akigeuka unamjua. Aligeuka. Alishuka ngazi, akaelekea upande wa mlango. Chumba kizima cha klabu kilimwangalia Verna, kisha kikaona aibu kikaangalia bia.

"Anaenda," alisema Glenys kwa sauti ndogo.

"Namwona."

"Basi anaenda. Mimi nitakufundisha kupika, bibie."

Karibu na mlango, pembeni, kuna kibanda wanakokaa washauri. Kitto alisimama pale. Akatoa kitu mfukoni mwa koti, bahasha mbili, akamwekea mwanamke mmoja mbele yake, bila shaka Tamsin. Mwanamke yule alisema kitu. Kitto akatikisa kichwa. Mwanamke akasema tena, kwa kirefu, akinyoosha kidole kwenye saa yake. Kitto akageuka.

Ndipo matatizo yake yalipoanza. Spika alikuwa ameshasema milango ifungwe, wanaosema ndiyo wapite kulia, wanaosema hapana kushoto. Na karibu Bunge zima lilikuwa limepita kulia. Hakuna aliyekuwa amepiga hesabu ya viti. Walikaa wawili kwenye kiti cha mmoja, walisimama ukutani, walibanana kama kondoo siku ya kuoshwa. Kitto, aliyechelewa, aliangalia safu moja, akaangalia ya pili, akaomba radhi, akasukumwa, na mwisho akaketi kwenye ngazi ya katikati, magoti yamefika kidevuni, kati ya wanawake wawili wa chama cha upinzani. Kamera ya Bunge iko juu ya ngazi ile moja kwa moja.

Tamsin alikuwa sahihi kwenye kila kitu. Waliopinga walikuwa wanne. Waliosema ndiyo hawakuandikwa jina hata mmoja. Hakuna karatasi popote nchini inayosema Dougal Kitto alikuwa wapi. Lakini kwa dakika nzima, huku Spika akisubiri utulivu, televisheni zote za Australia zilimwonyesha mbunge wa Kurrabin ameketi chini kama mtu anayesubiri basi, katikati ya fremu, upara ukimetameta.

"Yule si Dougal?" aliuliza yule mzee wa farasi.

"Ni Dougal," alisema Leith.

"Kakaa chini kwa nini?"

"Kwa sababu amekaa," alisema Verna.

Spika alitangaza. Watu wa roshani za juu walisimama wakaanza kuimba, na ukumbini wabunge wakakumbatiana, wengine wakikumbatia watu ambao wiki iliyopita walikuwa hawawasalimii. Klabu yetu haiimbi. Klabu yetu ilipiga meza. Ilianza meza ya nyuma, ya wanawake wa matufe, kwa viganja, taratibu, kisha meza zote, hadi glasi zikaruka na trei ya nyama ikasogea yenyewe kwenye kaunta. Wapo waliokuwa wameweka hapana kwenye karatasi zao za posta. Ninawajua, mmoja alinionyesha. Naye alipiga meza. Nilipomuuliza baadaye alisema karatasi ni karatasi, lakini Glenys ndiye aliyempangia sufu yake msimu wa ukame wa 1994.

Glenys alikuwa bado ameketi. "Sasa?" alisema.

"Sasa nini?"

"Sasa utaniuliza, au nami nikuandikie mara mbili?"

Verna akamuuliza. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia kumuuliza mtu namba yake ya simu, na Glenys alijibu kwamba atafikiri, kisha akasema ameshafikiri.

Kwa wanachama wa tawi ilikwenda barua moja tu, ya mistari minne. Kitto aliisoma kwa Verna kwenye simu, na Verna alibadilisha nukta moja. Ilisema nilikuwa ndani, nilisema ndiyo, sababu ni watu wa jimbo hili ninaowafahamu, na barabara ya daraja la pili inaanza kutengenezwa Februari. Machi aliteuliwa tena, kura sabini na moja kwa hamsini na nne. Wapo wanaosema ni kwa sababu mpinzani wake aliwahi kuliuzia nusu ya tawi pampu mbovu za visima. Inawezekana kabisa.

Ndoa ilifungwa Aprili, joto lilipopungua, kwenye nyasi za klabu, na wageni wote walivuliwa viatu vyenye visigino kwa ajili ya nyasi hizo. Mpwa wa Perth alikuja, akalia kuliko mtu yeyote. Mheshimiwa aliomba asimame aseme machache, na juma zima kabla ya hapo alipita mezani kwa Verna akiuliza, kama kwa bahati, kama kuna chochote kimeandikwa. Verna alimwambia ana likizo.

Kwa hiyo alisimama mikono mitupu. Alisema amewafahamu Verna na Glenys miaka kumi na mitatu. Alisema alidhani anawafahamu. Alisema kuna siku alipigia simu mtu aliyekuwa hatua mbili kutoka kwake, na kwamba ile ndiyo simu pekee kati ya zote alizopiga ambayo, na hapo neno likampotea. Alilitafuta kwenye nyasi. Alilitafuta mfukoni mwa koti. Wageni walisubiri, hakuna aliyecheka. Mwishowe akafanya alichozoea, akamgeukia Verna.

Verna alikuwa anakata keki, na hakuinua macho.